Nyumba Ambayo Haijaona Masika

Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hii aghalabu hutajwa kwa kumtania mtu aliyevaa kanzu mpya ya Idi, au mtoto asiyetaka kulala kwa furaha ya kiatu chake kipya, na kwa hivyo ukali wake husahaulika. Usemi huu hausemi kwamba kipya ni kizuri. Unasema kuwa upya una nguvu ya kumfanya binadamu akipende hata kile kinachomuumiza. Unyemi umo katika jicho la anayetazama, haumo katika kitu kinachotazamwa. Na huenda hapana pahala ambapo kuchanganya mambo hayo mawili kuna gharama kubwa kuliko katika ununuzi wa nyumba mpya, kwani hapo mtu hutoa akiba ya umri wake, pengine pamoja na ya nduguze walioko ughaibuni, akaiweka juu ya kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiishi.

Kwa vizazi vingi watu wa pwani na visiwani hawakuwa wanunuzi wa nyumba mpya. Walikuwa wajenzi wake. Mtu alipata kiwanja, akachimba msingi mwaka huu, akainua kuta mwaka wa pili, akasubiri, akaezeka pale Mungu alipomjaalia. Ujenzi huo ulichosha na ulichelewesha, lakini ulikuwa na faida moja ambayo haikuhesabiwa: mwenye nyumba aliijua nyumba yake. Aliona mawe yaliyoingia katika msingi. Alijua ni siku gani mchanga ulipungua, na ni fundi yupi aliyekuwa na mkono mwepesi. Alipohamia, hakuhamia ndani ya siri.

Zama zimebadilika. Mwaka 2010 Zanzibar ilipata sheria mahsusi ya umiliki wa sehemu za majengo ya pamoja, na tangu hapo biashara ya makaazi mapya imekua. Fumba imeota mitaa ambayo jana ilikuwa vichaka na mawe, na ng'ambo ya bahari, Dar es Salaam na Mombasa, ghorofa za kuuzwa zimekuwa jambo la kawaida. Nyumba huuzwa ikiwa kamili, na mara nyengine huuzwa ikiwa bado ni picha na ramani. Mnunuzi hupokea ufunguo mkononi mwa mtu asiyemjua, wa mlango uliopachikwa na mtu ambaye hatamwona kamwe. Kuna raha katika jambo hili, wala halifai kubezwa. Lakini limezaa suala la kimaadili ambalo mjenzi wa zamani hakulazimika kulijibu: pale ambapo mmoja ameona kilichofunikwa na mwengine hakukiona, ni nani anayestahili kuubeba mzigo wa kile kisichoonekana?

Jibu la suala hilo huzuiwa na dhana kadhaa ambazo zimekubaliwa kwa wepesi mno. Ya kwanza, na mama wa zote, ni ile inayodai kuwa nyumba mpya haina ila kwa sababu ni mpya.

Dhana hii imejengwa juu ya kosa la fikra, wala si juu ya ujinga wa mambo ya ujenzi. Nyumba kuukuu humwonesha mnunuzi makovu yake: doa la maji darini, mlango usiofunga sawasawa, lipu iliyovimba. Huyaona, huyapima, na hudai bei ipunguzwe. Nyumba mpya haina makovu, naye hudhani kwamba kwa hivyo haina maradhi. Lakini kutojulikana kwa kasoro si sawa na kukosekana kwa kasoro. Ukuta wa nyumba kuukuu umekwisha kutoa ushahidi mbele ya jua, chumvi na mvua. Ukuta wa nyumba mpya bado haujaitwa kizimbani. Nyumba ambayo haijaona masika hata mara moja haiwezi kusemwa kuwa haivuji. Kinachoweza kusemwa kwa insafu ni kwamba haijaulizwa.

Mafundi wanalijua jambo hili vizuri kuliko wauzaji. Zege halipati nguvu zake siku lilipomwagwa. Huhitaji kumwagiliwa maji na kulindwa na jua kwa siku kadhaa, na wahandisi wamezoea kulipima linapotimiza siku 28. Haraka ikiingia, zege hukauka juu kabla ya kukomaa ndani, na hakuna rangi itakayomweleza mnunuzi kuwa ndivyo ilivyokuwa. Mfuko wa saruji ukinyooshwa ili utoe matofali mengi kuliko inavyostahili, tofali litasimama bado, litapigwa lipu, litapakwa rangi nyeupe na litapendeza. Mchanga wa pwani usiooshwa una chumvi. Chumvi hiyo ikifika kwenye nondo huzitia kutu, na kutu ina ukubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hivyo hulisukuma zege kutoka ndani mpaka lipasuke. Lakini kazi hiyo hufanyika polepole, kwa miaka. Siku ya makabidhiano, nondo iliyotiwa katika chumvi na nondo iliyotiwa katika zege safi huwa zimelala chini ya ukuta mmoja mzuri, na hapana jicho linaloweza kuzipambanua.

Wakaazi wa Nairobi walilipata somo hili kwa msiba. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, katika mvua kubwa za msimu, jengo la ghorofa sita lililokuwa kando ya mto huko Huruma liliporomoka, na waliofariki walizidi 40. Halikuwa gofu la kale, bali jengo lililoinuliwa miaka michache tu kabla. Waliolala ndani yake walikuwa wapangaji, watu wa kipato kidogo, ambao hawakuwa na namna yoyote ya kujua kilichokuwa chini ya sakafu zao. Upya wa kuta haukuwasaidia kitu.

Dhana ya pili ni mtoto wa ya kwanza: kwamba nyumba mpya haina haja ya kukaguliwa na mtu wa mnunuzi, kwani imekwisha kukaguliwa na wenye mamlaka, na kwamba kumleta mhandisi au fundi wa kuaminika kuja kugonga kuta ni kumvunjia muuzaji heshima. Sehemu ya kwanza ya dhana hii huanguka kwa urahisi. Kibali cha ujenzi husema kuwa ramani ilikubaliwa. Hakisemi kuwa kila ndoo ya zege iliifuata ramani. Hata pale mkaguzi wa serikali anapokuja, huja kwa ajili ya umma na kwa masharti ya chini kabisa ya usalama. Haji kutazama kama bomba la jikoni limefungwa vyema, au kama sakafu ya choo inateremka kuelekea kwenye tundu la maji au inateremka kuelekea kwenye mlango wa chumba cha kulala.

Sehemu ya pili ndiyo ngumu, kwa sababu inagusa haya. Lugha ya Kiswahili yenyewe ina siri yake hapa. Neno aibu limetoka katika Kiarabu, na huko maana yake ya asili ni kasoro, ila iliyomo katika kitu. Lilipofika kwenye ndimi za pwani, likatulia zaidi katika maana ya fedheha. Kasoro ya ukuta ikageuka kuwa fedheha ya mtu. Basi si ajabu kuwa muuzaji huificha ila ya nyumba kama anayejisitiri, na mnunuzi huona vibaya kuuliza, kana kwamba ameombwa amfunue mwenziwe nguo. Wawili hawa huagana kwa adabu njema, wakanywa kahawa, na kati yao ikabaki kasoro ambayo mmoja anaijua na mwengine ataijua baadaye.

Lakini adabu ya namna hii si adabu. Mapokeo ya Kiislamu, ambayo yamelea biashara ya pwani hii kwa karne nyingi, yanakataa kabisa kuiita hivyo. Imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alipita sokoni Madina, akatia mkono ndani ya rundo la chakula lililokuwa kavu juu, vidole vyake vikakuta umaji. Muuzaji akajitetea kuwa ni mvua, na Mtume akamuuliza kwa nini asiuweke ule uliorowa juu ili watu wauone, kisha akamkana mwenye kughushi. Mambo mawili hustahili kutazamwa katika kisa hiki. La kwanza ni kuwa mkono ulitiwa, na hapana aliyeuona mkono ule kuwa ni ukosefu wa heshima. La pili ni kwamba muuzaji hakulaumiwa kwa sababu mvua ilinyesha. Alilaumiwa kwa mpangilio wa rundo. Mafakihi wakaendelea kufafanua hiari ya kasoro, yaani haki ya mnunuzi kukirejesha kitu anapogundua ila ya kale ambayo hakuijua wakati wa mkataba. Kutia mkono ndani ya rundo, kwa hivyo, si dhana mbaya juu ya mtu. Ni kumsaidia muuzaji mwaminifu aonekane kuwa ni mwaminifu, kwani bila ya mkono ule, yeye na mlaghai wana sura moja.

Dhana ya tatu inahusu macho. Mnunuzi hupelekwa katika nyumba ya mfano. Pazia zimetundikwa, taa zimewashwa mchana, samani zimechaguliwa ndogo ili chumba kionekane kipana, na kwenye baraza pamewekwa chungu cha maua. Dalali humfungulia mlango kwa ukarimu na kumwita kaka au dada. Mnunuzi hutoka akiamini mambo mawili: kuwa nyumba yake itakuwa kama ile, na kuwa dalali yule ni mtu wake. Yote mawili huenda yasiwe kweli. Mapambo aliyoyaona aghalabu hayamo katika bei, na taa, makabati hata aina ya marumaru huweza kuwa ni nyongeza zinazolipiwa mbali. Dalali naye, hata akiwa mtu mwema, hula kwa mkono wa anayemlipa. Wema wake ni wa kweli, lakini utiifu wake una mwenyewe.

Cicero, mwanasheria na mwanafalsafa wa Roma, alikisimulia kisa kinachohusu jambo hili katika kitabu alichomwandikia mwanawe mwaka 44 K.K. juu ya wajibu wa binadamu. Mrumi mmoja, Canius, alikwenda Syracuse kupumzika, akatangaza kuwa anatafuta bustani ya kununua. Pythius, tajiri wa mji ule aliyekuwa akifanya biashara ya fedha, akamwalika chakula katika bustani yake iliyokuwa ufukoni, kisha akawaita wavuvi na kuwapanga. Mgeni alipofika, akaona madau yamejaa mbele ya bustani, na kila mvuvi akimletea Pythius samaki na kumtupia miguuni. Akauliza, akaambiwa kuwa samaki wote wa Syracuse wako hapo. Akashikwa na tamaa, akalipa bei aliyotajiwa bila ya kupunguziwa. Kesho yake akawaalika marafiki zake. Hapakuwa na dau wala kasia. Akamuuliza jirani kama ile ilikuwa sikukuu ya wavuvi. Jirani akamjibu kuwa hapo havui mtu, na kwamba yeye mwenyewe alistaajabu alipoyaona madau ya jana.

Mtu yeyote aliyelelewa karibu na bahari atacheka, kwani angeliuliza kuhusu mwamba na mkondo kabla ya kuuliza bei. Lakini kicheko kile kingefaa kikome upesi. Nyumba ya mfano ni madau ya Pythius. Hakuna kilichosemwa ambacho ni uongo mtupu. Kilichofanywa ni kupanga mambo ya kweli ili yalete picha isiyo ya kweli. Samaki walikuwa samaki. Taa za nyumba ya mfano ni taa. Mnunuzi hakudanganywa na maneno, alidanganywa na mpangilio, kama ulivyokuwa mpangilio wa rundo la chakula sokoni Madina. Wahenga waliliona hili waliposema kuwa nyumba njema si mlango. Na anayetaka kuijua hana budi kuingia ndani, siku isiyo ya mwaliko, kuuliza majirani waliokwisha kuhamia, na kufungua mabomba yote kwa pamoja ili aone maji yanavyokuwa.

Hapa ndipo hufikiwa dhana ya nne, iliyo ya kifalsafa zaidi na ambayo wauzaji wengi waungwana huishika kwa nia safi: kwamba kunyamaza si kudanganya. Dhana hii ina wakili hodari. Katika kitabu kilekile Cicero anatuhifadhia mjadala wa wanafalsafa wawili wa madhehebu ya Stoa, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater wa Tarso. Mfano wanaoushindania ni wa nyumba. Mtu anauza nyumba yenye kasoro azijuazo peke yake: ina maradhi, nyoka huonekana katika vyumba vyote vya kulala, na mbao zake ni mbovu, karibu kuanguka. Je, akiiuza kwa bei nzuri bila ya kusema, ametenda dhuluma?

Diogenes alimtetea muuzaji. Hakumlazimisha mtu kununua, alihoji; hakuisifu hata nyumba yenyewe. Mnunuzi alikuwa na macho na hiari yake. Tena ni upuuzi gani kumtaka muuzaji ahesabu aibu za bidhaa yake, na mnadi apige kelele mtaani kuwa anauza nyumba yenye kuleta maradhi? Antipater akajibu kuwa kunyamaza huko ni kubaya kuliko kukataa kumwelekeza njia aliyepotea, kwa sababu muuzaji hakukaa pembeni tu. Amemwacha mwenziwe kwa makusudi aangukie hasara ambayo yeye anaiona. Cicero mwenyewe, baada ya kuzipima pande mbili, alimpa haki Antipater. Alieleza kuwa si kila kunyamaza ni kuficha. Kuficha ni kutaka, kwa ajili ya faida yako, wale wenye haja ya kujua wasijue unachokijua.

Hoja ya Diogenes haifai kudharauliwa, maana ndiyo ambayo masoko ya leo yanaendea. Waingereza waliishi nayo kwa muda mrefu katika kanuni ya kwamba mnunuzi na ajihadhari mwenyewe. Katika nyumba kuukuu hoja hii ina nguvu kiasi, kwa sababu ushahidi upo na mwenye macho anaweza kuuona. Lakini katika nyumba mpya nguvu zake hutoweka. Macho ambayo Diogenes anamwambia mnunuzi ayatumie hayana cha kuona. Msingi umefukiwa, nondo zimefunikwa, mabomba yamo ndani ya kuta, karo limo chini ya ardhi na juu yake pamepandwa majani. Kumwambia mtu atazame pale ambapo umekwisha kuziba ni dhihaka iliyovaa nguo za sheria. Ndiyo maana wajibu wa kusema hukua kadiri uwezo wa mwengine wa kuona unavyopungua. Aliyeona kabla ya kufunikwa ana deni la kusema baada ya kufunikwa.

Mataifa mengi yameliona deni hili na kulitia katika sheria. Katika sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli wa karne ya 18 K.K., mjenzi ambaye nyumba yake ilianguka ikamuua mwenyewe aliuawa naye. Na ukuta ukiinama kazi haijamalizika, alipaswa kuuimarisha kwa mali yake. Kuua kwa kuua ni ukali ambao hapana anayeutamani leo, ila shina lake ni fikra sahihi: jengo humfuata aliyelijenga. Sheria ya kiraia ya Ufaransa ya mwaka 1804 ililipa jukumu la mjenzi muda wa miaka kumi, na Misri ikafuata njia hiyo katika sheria yake ya mwaka 1948. Miaka kumi si namba ya bahati nasibu. Ni kukiri kuwa nyumba haiwezi kujieleza kwa siku moja, na kwamba makabidhiano ya ufunguo si mwisho wa ahadi bali ni mwanzo wa kupimwa kwake.

Hata hivyo sheria hufika baada ya ufa. Tarehe 29 Machi 2013, jengo refu lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na watu 36 wakapoteza maisha. Sheria ilikuja, ikauliza maswali yake, kama inavyostahili. Wale 36 hawakurudi. Baina ya kumwagwa kwa zege na kufika kwa hakimu kuna uwanja mpana ambao hautawaliwi na chochote isipokuwa dhamiri. Uwanja huo una watu ndani yake: fundi anayejua kuwa saruji haikutosha, msimamizi anayejua kuwa mvua ilinyesha juu ya zege bichi, mwenye mradi anayejua kuwa shimo la msingi lilifukiwa kabla halijapimwa. Kila mmoja hujiambia kuwa mwenye kusema ni yule mwengine. Fundi humwachia msimamizi, msimamizi humwachia tajiri, tajiri humwachia dalali, na dalali hajui kitu. Hivyo ndivyo ukweli unavyopotea bila ya mtu hata mmoja kusema uongo.

Dhana ya tano humtuliza mnunuzi kwa namna nyengine: kwamba akishalipa amemaliza. Nyumba mpya, anaamini, haitamdai kitu kwa miaka mingi. Visiwani dhana hii ina makosa mawili. La kwanza ni la ardhi. Kwa mujibu wa sheria ya ardhi ya Zanzibar ya mwaka 1992, ardhi ni mali ya umma, na anachopata mtu ni haki ya kuitumia kwa masharti. Mwenye kununua nyumba ndani ya jengo la pamoja hununua sehemu yake, pamoja na fungu katika ngazi, paa, matangi na njia zinazomilikiwa na wote, na fungu hilo huja na mchango wake wa matunzo. Asiyeisoma hati mpaka mwisho amenunua mbuzi kwenye gunia, hata kama kuta alizigonga moja moja. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lisilosomwa halina tofauti na lisilokuwapo.

Kosa la pili ni la kudhani kuwa upya hukaa. Majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki na kwa mikono ya wananchi waliojitolea, yaliwahi kuwa ndiyo upya wenyewe wa Ng'ambo katika miaka ya 1970. Leo yamepita nusu karne, na kila mwenye kuishi humo anajua kuwa anachokitegemea si ule upya wa siku ya kwanza bali ni bomba lililotengenezwa mwaka jana. Wala ukale nao si dhamana. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 na kuwa fahari ya mji uliotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, na watu wakafa. Nyumba za mawe na chokaa ziliishi muda mrefu pale ambapo kila baada ya misimu kadhaa mtu alipanda juu kutazama boriti na kuzipaka chokaa kuta. Zilipoachwa, zilianguka kama nyumba yoyote. Kwa hivyo suala halikuwa kamwe la kipya na kikuukuu. Ni la kinachotunzwa na kisichotunzwa, kinachosemwa kweli na kinachofichwa.

Insafu inadai neno pia kwa upande wa mjenzi. Si kila ufa ni khiyana. Lipu mpya hukauka na kujikunja, nyumba hukaa juu ya udongo wake taratibu, na nyufa nyembamba kama unywele huonekana katika miaka ya mwanzo hata katika kazi njema. Kizuri hakikosi ila. Mnunuzi anayepiga kelele kwa kila mstari ukutani humfundisha mjenzi kuficha zaidi, na anayedai nyumba ya bei ya chini kabisa kisha akashangaa kuwa saruji ilipunguzwa, ameshiriki katika upunguzaji ule. Ukweli nao una bei, na kuna wanunuzi ambao hawataki kuulipia. Muuzaji aliyesema kuwa paa la nyuma lina kasoro na litarekebishwa kabla ya masika, kisha akapoteza mteja kwa mwenziwe aliyenyamaza, ameadhibiwa na soko kwa ajili ya uaminifu wake. Jamii inayotaka wauzaji wakweli haina budi kujifunza kuisikia aibu ya nyumba bila ya kuigeuza kuwa fedheha ya mtu, na kulirejesha neno lile katika maana yake ya kwanza: ila, inayotajwa, inayopimwa, inayotengenezwa.

Kutokana na hayo, jibu la suala lililoulizwa linaweza kutamkwa bila ya kuzunguka. Mzigo wa kisichoonekana ni wa yule aliyekiona, na haumtoki kwa kupokea fedha. Mnunuzi ana wajibu wake wa kuuliza, kusoma, kumleta mtu ajuaye na kutoona haya kutia mkono ndani ya rundo. Na akiupuuza amejidhulumu. Lakini wajibu wake unaishia pale macho yanapoishia. Kuanzia hapo amejikabidhi mikononi mwa watu, na nyumba aliyoinunua ni amana kabla haijawa mali. Rangi itadumu misimu michache. Kisha mawingu ya masika yatakusanyika juu ya bahari, mvua ya kwanza itapiga bati, na watoto watakuwa wamelala chini yake. Usiku huo nyumba itaanza kusema yale ambayo walioijenga waliyajua tangu mwanzo.